Yai Tulilogawana na Magokoro

Juzi nilikuwa nyumbani kwa binti yangu huko Nyamira, nimekalishwa kwenye kiti cha jikoni kama wanavyokalishwa wageni wa umri wangu, wasiguse kitu. Alikuwa amemimina siki kwenye birika la stima ili itoe ule ukoko mweupe unaoganda chini. Siki ilipochemka, mvuke ukanipata puani, na palepale nikaacha kusikia alichokuwa akiniambia. Nilikuwa msichana mdogo tena, nimesimama kwenye chumba kimoja cha hospitali mjini Kisii, natazama mkojo wangu ukipikwa.

Ndiyo, mkojo. Nyinyi wa rika langu mliolelewa huku kwetu mnajua kwamba neno hilo hatukulitamka ovyo, na hata sasa nikiliandika nahisi kama kuna mtu ananichungulia begani. Lakini waliokuwa na haki ya kunikemea wote wamelala, na habari hii haisimuliki bila neno hilo. Mtanivumilia.

Ilikuwa miaka ile ya mwanzo ya uhuru, kwetu upande wa Birongo, msimu ule ambao mvua haikosi kila alasiri. Nilishikwa na koo. Nikakohoa, nikapona, hakuna aliyejali, maana mtoto gani hakohoi wakati wa mvua? Kisha asubuhi moja nikiwa naosha miguu kabla ya kwenda shule, nikaona madoa. Yalikuwa mekundu yanayoelekea zambarau, yametapakaa kwenye miundi yote miwili, na nilipojipinda kujikagua nikakuta yamepanda nyuma ya mapaja mpaka makalioni.

Mtoto mwingine angelia. Mimi nilikuwa na kiherehere cha kutaka kujua kila kitu, kasoro ambayo walimu wangu walijaribu kuitibu kwa fimbo wasifaulu. Niliketi kwenye jiwe la kuogea nikaanza kuyabonyeza kwa kidole. Alama ya mbu ukiibonyeza hupauka kidogo kisha hurudi. Haya hayakupauka hata kidogo. Nikamwita mama aje kuona, na nadhani nilimwita kwa sauti ya mtu aliyeokota shilingi, kwa sababu alikuja anatabasamu na tabasamu lile likamwishia njiani.

Vifundo vya miguu vikavimba, tumbo likaanza kunisokota mpaka nikawa najikunja kwenye mkeka. Magokoro akaletwa. Magokoro ndivyo tunavyomwita nyanya kwa Ekegusii, na huyu alikuwa mama yake baba yangu, mwanamke mfupi mwenye mikono mikubwa na ulimi usio na breki. Alinitazama miguu, akafyonza.

"Mtu amemtazama mtoto huyu vibaya," akasema. "Mweupe hivi, mnamwachia atembee sokoni bila kufunikwa."

Wenzangu mnakumbuka. Ilisemekana watoto wa ngozi nyeupe hushikwa upesi na jicho la mtu, na kwamba ukitazamwa na mwenye jicho lile, vitu hukunasa mwilini na kuzama chini ya ngozi. Dawa ilikuwa kupakwa siagi ya ng'ombe na kusuguliwa mpaka vitoke. Basi Magokoro akanisugua asubuhi na jioni, nanuka kama kibuyu cha maziwa, nami kila alipomaliza nilichungulia viganja vyake kuona kilichotoka. Sikuona kitu. Nilipomuuliza, alisema vilikuwa vidogo mno kwa macho ya mtoto.

Na kweli madoa yakafifia. Yaligeuka kijani, yakawa manjano kama michubuko ya zamani, yakaondoka. Magokoro akasifiwa kijiji kizima. Siku hizi najua yangeondoka hata kama angenipaka matope. Daktari wangu wa sasa amenieleza kwamba ugonjwa huo huwapata watoto mara nyingi baada ya koo, pale kinga ya mwili inapokosea njia na kuivimbisha mishipa midogo ya damu. Una jina refu lenye herufi za IgA ndani yake, na hiyo IgA ni askari wa mwili ambaye badala ya kupigana na adui hukwama kwenye vichujio vya figo. Ngozi hupona upesi na kuwadanganya watu. Figo hukawia kusema lililo moyoni mwake, pengine wiki kadhaa, wakati kila mtu ameshasahau.

Yangu ilisema nikiwa kwenye migomba nyuma ya nyumba. Nilikuwa nimechuchumaa juu ya jani lililoanguka, na nilipotazama chini nikaona kilichokusanyika kwenye jani kina rangi ya chai iliyochemshwa bila maziwa. Juu yake kulikuwa na povu lililokataa kuvunjika. Nikalitikisa lile jani. Povu likabaki. Nikawaza kwa bidii kama mtu anayefanya hesabu, na nikapata jibu lililoniridhisha kabisa: yale madoa yaliyeyuka ndani, sasa yanatoka. Niliona mwili wangu una akili sana.

Nikakimbia kumwambia Magokoro. Hapa ni lazima nisimame niwaeleze vijana wanaoweza kuwa wanasoma begani kwenu. Kwetu kuna chinsoni, yaani ile heshima inayomtenga mzazi na mtoto wake katika mambo yote ya mwili. Baba hazungumzi na binti yake habari za chooni wala za kuoga, na binti hatamki mambo hayo baba akiwa karibu. Mtu na mama yake ni vivyo hivyo, hata akiwa ameshaoa na kuzaa. Kuvunja hilo ilikuwa aibu iliyoweza kuhitaji mbuzi kuchinjwa. Ila mtoto na nyanya wako huru. Magokoro aliniita mke mwenzake, akanitania kuhusu matiti ambayo sikuwa nayo, na mimi nilimwambia kila kilichoniingia na kunitoka.

Alikuja kwenye migomba akatazama jani. Hakunitania. Alinishika kidevu akanigeuza uso kwenye mwanga.

"Macho yako yamevimba hivi tangu lini?"

"Yanavimba asubuhi tu," nikasema. "Mchana yanapungua. Ni yale madoa yanatoka, Magokoro."

"Hayo yanayotoka ni damu, omwana one," akasema, na omwana one ni mwanangu. "Wewe unafurahia damu."

Alimwendea baba yangu, ambaye tulimwita Tata. Tata alikuwa fundi wa kushona kwenye baraza la duka moja pale Keumbu, mtu mkimya, mwembamba, anayejulikana mpaka Masimba kwamba akikupima mara moja nguo haihitaji kurudi. Magokoro hakuweza kumwambia mwanawe lile la kwenye migomba. Alimwambia uso wa mtoto umevimba, na uso ni kitu kinachosemeka. Tata akafunga cherehani siku ileile.

Hospitalini daktari alipoanza kuuliza maswali, alianza na yale ya koo na tumbo, na Tata akayajibu vizuri kwa Kiswahili chake cha dukani. Lilipokuja swali la mkojo, Tata alisimama, akavaa kofia yake, akatoka nje. Daktari akamwangalia Magokoro. Magokoro, ambaye Kiswahili chake kilikuwa cha kununulia chumvi, akasema, "Mkojo yake ni chai. Chai ya mkavu."

Nililazwa kidogo, kisha nikarudishwa nyumbani na masharti. Nilale, nisikimbie. Nisile chumvi kabisa. Na kila wiki niletwe na mkojo wa asubuhi kwenye chupa safi. Kwa kuwa ni Magokoro peke yake aliyeweza kuishika chupa ile bila kuvunja heshima ya mtu, kazi yote ikawa yake. Aliifunga kwenye kitambaa, akaitumbukiza ndani ya kikapu chini ya viazi vitamu, na ukimkuta njiani ungefikiri anapeleka zawadi kwa mkwe.

Chumba cha kupimia kilikuwa kidogo, na anayepima alikuwa kijana kutoka upande wa ziwani aitwaye Odhiambo. Wagonjwa wote walimwita daktari, naye alichoka kuwakatalia. Alimimina mkojo wangu kwenye kichupa chembamba cha kioo, akakishika kwa kibanio cha mti, akakiinamisha juu ya mwali wa taa ya spiriti. Mkojo ukaanza kuchemka pale juu. Kisha akadondosha siki kidogo. Harufu ikapanda, na mbele ya macho yangu maji yale yakaganda yakawa meupe.

Sijawahi kuona kitu cha ajabu kama kile, na nimeishi kuona watu wakirushwa mwezini. Nilimsogelea mpaka akanizuia kwa kiwiko.

"Usiungue," akasema. "Unaona? Kama ute wa yai. Bado uko mwingi."

Mimi na Magokoro tulitazamana. Nikaona mikono yake mikubwa ikikishika kile kikapu kama kinataka kuruka.

Nyinyi mnajua kwa nini. Wasichana wa kwetu hawakula mayai siku hizo, na kuku ndiyo usiseme. Mayai yalikuwa ya wageni na ya wanaume, na msichana aliyeonekana na ganda mkononi alisemwa mpaka kwa watakaomwoa. Lakini chakula bila chumvi kilikuwa kimenishinda. Hebu kaa mbele ya chinsaga, ile mboga chungu, haina chumvi hata chembe, uone kama utafika kijiko cha pili. Nilikuwa nakonda mwili huku uso unavimba, na Magokoro hakuvumilia kuona. Siku mama alipokwenda kuchuma pareto, alichemsha yai ndani ya sufuria ya uji, akalimenya, akalikata katikati kwa uzi. Nusu akanipa, nusu akala mwenyewe.

"Tukikamatwa, tukamatwe wote," alisema.

Tulifanya hivyo mara nyingi. Na sasa yai lilikuwa limesimama wazi ndani ya kioo, mbele ya kijana wa watu.

Odhiambo hakutuuliza lolote. Aliandika, akatuambia kwa Kiswahili cha polepole kwamba daktari amesema kipimo kijacho kikiwa hivyohivyo, nitapelekwa hospitali kubwa ya Kisumu. Magokoro alitikisa kichwa akasema ndiyo, ndiyo, lakini alipofika nje alikaa kwenye nyasi akashindwa kuinuka. Alikuwa na binti aliyepelekwa Kisumu zamani, shangazi yangu ambaye sikumjua. Alipandishwa gari anatembea, na akarudi amefungwa kwenye sanda. Kwa Magokoro, Kisumu haikuwa mji. Ilikuwa mahali mtoto wake alikoishia.

"Huna ugonjwa," akaniambia tukiwa tunarudi. "Madoa yalikwisha, niliyatoa kwa mikono hii. Kilichobaki ni yai tu, na yai nilikupa mimi. Hutakwenda Kisumu kwa sababu ya yai."

Nilimwamini. Ningemwaminije daktari ambaye sikuelewa nusu ya maneno yake, nikaacha kumwamini mtu aliyekula nusu ya yai langu?

Wiki iliyofuata nilimwona akitoka kwenye migomba alfajiri, anairekebisha kanga yake kiunoni, chupa mkononi. Chupa ilikuwa imejaa. Mimi nilikuwa bado sijaamka vizuri, wala sijakojoa.

"Magokoro, hiyo ni ya nani?"

"Ni yako," akasema. "Mimi na wewe ni mtu mmoja. Nyamaza, vaa."

Odhiambo alichemsha, akadondosha siki, akasubiri. Maji yakabaki maji, safi kabisa, unaweza kuona kidole nyuma yake. Alikipeleka kile kichupa dirishani akakitazama tena, kisha akacheka kwa furaha na kunishika kichwa.

"Figo hizi ni za ng'ombe," akasema. "Mtoto amepona, nyanya."

"Imepona sana," Magokoro akasema, bila kupepesa macho.

Nyumbani ikawa sikukuu. Chumvi ilirudi kwenye chakula, nikala obokima, ugali wetu wa wimbi, na mboga mpaka nikalala palepale. Tata, ambaye hakuwa mtu wa maneno, aliniita barazani kwake Keumbu, akatoa futi shingoni, akanipima kifua na kiuno na urefu. Akanishonea gauni la kitambaa cha manjano chenye maua, la kwendea kanisani. Wateja walisubiri zamu zao, yeye anashona la binti yake.

Gauni lilipokamilika halikunifunga. Vifungo vya nyuma vilikataa, vimeachana upana wa kidole. Mama alisema labda nimekula sana. Tata akalifumua ubavuni, akaongeza kipande. Baada ya siku chache likakataa tena. Nilisimama mbele yake nikamwona anashika futi, ananipima, anasoma, anapima tena. Fundi ambaye watu walitoka Masimba kumfuata alikuwa anatafuta kosa kwenye mkasi wake. Alinitazama miguu, iliyokuwa imejaa mpaka viatu vikaacha alama, akafungua mdomo kama anayetaka kuuliza kitu. Halafu akakumbuka yeye ni nani na mimi ni nani, akaufunga.

Niliumia kwa ajili yake. Sikujua mimi ninakwenda wapi, lakini nilijua Tata hakukosea vipimo. Na kama hakukosea, basi mwili wangu ndio uliokuwa unabadilika, na unabadilika kwa nini ilhali nimepona?

Hapo ndipo kiherehere changu kikafanya kazi yake. Nilikuwa nimelala kwenye mkeka, pareto imeanikwa uani, na nikawaza habari ya yai tangu mwanzo. Yai lilikatwa kwa uzi, katikati kabisa, kwa sababu mimi mwenyewe nilikagua nusu zote mbili nisipunjwe. Nusu nilikula mimi, nusu akala Magokoro. Yangu ikaganda kwenye kioo. Yake haikuganda. Yai moja, sufuria moja, siku moja. Niligeuza jambo hilo kila upande likakataa kukaa. Kama ni yai, lake liko wapi?

Nilitamani sana kuona. Sitawadanganya kwamba nilijua naokoa figo zangu, maana sikujua hata figo ziko upande gani. Nilitaka tu kuona vichupa viwili vikiwekwa pamoja juu ya moto ule. Siku ya kipimo cha mwisho cha kuhakikisha ilipofika nilitafuta kichupa cha dawa ya kikohozi, nikakiosha, nikaenda kwenye migomba mwenyewe. Nikakificha mfukoni mwa sweta.

Siku hiyo Tata alikuja nasi. Alikuwa amebeba jogoo wa kumshukuru daktari, akabaki nje kwenye benchi na jogoo wake, mbali na chumba kile. Ndani, Odhiambo alichukua chupa ya Magokoro akachemsha. Safi. Alipokuwa anataka kumwaga, nikatoa yangu.

"Daktari, pika na hii," nikasema.

Magokoro aligeuka. "Hiyo ni nini?"

Hakuweza kuninyang'anya mbele ya mtu. Odhiambo alikipokea akakinyanyua kwenye mwanga. Nilimwona akiacha kutabasamu hata kabla hajawasha tena taa. Alimimina, akainamisha, akadondosha siki. Haikuganda juu tu safari hii. Iliganda karibu yote, nyeupe na nzito, mpaka akakipindua kichupa na haikumwagika haraka.

Aliviweka vyote viwili kwenye kibao, kimoja karibu na kingine. Chumba kikanuka siki.

"Hii ni ya nani?" akauliza, anagusa kile cheupe.

"Yangu."

"Na hii?"

Nikamnyooshea kidole Magokoro. Odhiambo aliketi kwenye kigoda chake. Hakumkaripia, na hilo namshukuru mpaka leo. Alivuta pumzi tu, akaanza kueleza, na aliposhindwa na Kiswahili alitumia mikono.

"Nyanya, mtoto alikula nini?"

"Yai," Magokoro akasema. Sauti yake ilikuwa ndogo. "Mimi nilimpa. Nusu. Hiyo ndiyo inatoka."

"Na wewe ulikula?"

"Nusu."

"Basi tazama ya kwako."

Magokoro akatazama kile cheupe, akatazama kile safi, akarudia. Niliona uso wake unafanya hesabu ileile niliyoifanya kwenye mkeka.

"Yai la kuku halifiki huku, nyanya," Odhiambo akasema taratibu. "Yai halina kosa. Huu ute ni wa mwili wake mwenyewe. Figo ni chujio, kama lile la chai. La kwake limetoboka, chakula cha damu yake kinamwagika kila siku. Ndiyo sababu amevimba. Tukichelewa litaharibika, na hakuna duka la kununua lingine."

Magokoro aliniangalia miguu, kisha akanigusa tumbo kwa kiganja, pale gauni lilipokuwa limeongezwa kipande. Alisema kwa Ekegusii, si kwa Odhiambo wala kwangu, "Nilitaka abaki nyumbani." Halafu akatoka nje, na mimi nikamfuata mpaka mlangoni.

Tata alisimama alipomwona. Benchi lilikuwa limejaa watu wa kwetu, wake kwa waume, na mzee mmoja wa kanisa letu akiwa miongoni mwao. Magokoro hakumvuta mwanawe kando. Alisimama mbele yake, mikono chini, akatamka lile neno kwa sauti ya kawaida.

"Mkojo wa mtoto una damu. Una ute. Niliuficha, nikawaletea mkojo wangu mimi. Mpeleke Kisumu leo."

Benchi zima likatazama chini. Mzee wa kanisa akajifanya anatafuta kitu kwenye koti. Tata alikuwa ameganda na jogoo wake, na nikafikiri atavaa kofia aondoke, kama siku ile ya kwanza. Alimkabidhi mama yake yule jogoo. Kisha akaja mpaka mlangoni pale nilipokuwa, akaninyanyua, mimi msichana mkubwa wa shule, akaniingiza kwa daktari. Mara hiyo hakutoka nje maswali yalipoanza.

Kisumu nilikaa muda mrefu mpaka nikaanza kuota kwa Kijaluo. Nilipewa vidonge vidogo vichungu vilivyonifanya uso uwe duara kama chungu, na hamu ya kula ikanishika nikawa nawaza viazi usiku na mchana. Figo moja au zote mbili zilibaki na kovu, ndivyo wanavyoniambia. Nimebeba mimba zangu kwa uangalizi, na sasa nameza kidonge cha presha kila asubuhi. Lakini ninazo zilezile nilizozaliwa nazo, na mjukuu wangu akinisumbua huwa namwambia asinitikise, nina vitu vya thamani.

Magokoro hakuja Kisumu hata mara moja. Hakuweza. Alituma viazi, alituma siagi, alituma salamu ndefu ambazo Tata alizifupisha. Tata ndiye aliyekuja, kila alipopata nafasi ya kufunga cherehani. Mara ya kwanza aliketi kando ya kitanda, magoti pamoja, kofia juu ya magoti. Alitazama dirisha. Alikohoa, akakohoa tena, na nikaona shingo yake inaloa jasho ingawa chumba kilikuwa na upepo wa ziwa.

"Leo," akasema kwa dirisha, "mkojo wako ulikuwa wa rangi gani?"

Sikuwahi kusikia neno hilo likitoka kinywani mwake. Nilivuta shuka mpaka puani. Angeweza kumuuliza muuguzi, muuguzi alikuwa hatua mbili tu kutoka pale. Aliniuliza mimi.

"Kama chai, Tata," nikasema chini ya shuka.

Akatikisa kichwa, akavaa kofia, akaniaga. Safari iliyofuata aliuliza tena, anatazama dirisha lilelile, nami nikamwambia ni kama chai yenye maji mengi. Safari nyingine nikamwambia ni kama maji yaliyooshewa mchele. Kila jibu alilipeleka nyumbani kwa mama yake, akamwambia yeye mwenyewe, kwa mdomo wake, mtu na mama yake. Hilo nililijua baadaye.

Halafu ikaja siku ambayo muuguzi wa maabara alipita asubuhi akaniambia kioo hakikuganda. Tata alifika mchana. Hakutazama dirisha siku hiyo, alinitazama mimi.

"Leo ulikuwaje?"

"Kama wa Magokoro," nikamwambia.